Kuhama deskitopu kunachelewa? Angalia draiva kabla hujanunua RAM

Mkuu, hiyo uliyouliza ya kubonyeza Windows, Ctrl na mshale halafu deskitopu ya pili (ile ya ziada unayoifungua ndani ya Windows hiyohiyo) inakuja kwa mwendo wa kinyonga imenitesa miezi miwili. Naona wengi wamekushauri uongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Na mimi nilianza hukohuko, nikatoka 4GB nikaenda 8GB. Programu zikafunguka haraka, sikatai, ila kuhama deskitopu kukabaki vilevile: madirisha yanasogea vipande vipande, kama picha za mnato.

Kilichonishtua ni kitu kingine kabisa. Usiku nataka kupunguza mwanga wa kioo, vitufe vimegoma. Nikafungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nikawa nahamahama huku naangalia. Desktop Window Manager, ndiyo inayopanga na kuchora madirisha yote unayoyaona, ilikuwa inapandisha CPU (prosesa) kila nikihama. Nikaenda Performance, GPU, yaani chipu ya kuchora picha, haimo kabisa kwenye orodha!

Nikabofya kulia kitufe cha Start, nikaingia Device Manager, Display adapters. Mashine yangu ni ya Intel, lakini pale pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Yaani fundi aliyenipigia Windows upya aliniachia draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya dharura, ile ya kukuwezesha tu kuona kioo. Uchoraji wote umebebeshwa prosesa, na hela ya RAM nimeshatoa.

Nikaingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikatafuta kwa namba ya modeli (kwangu iko kwenye stika chini ya mashine), nikashusha draiva ya grafiki, nikaiweka, nikazima na kuwasha. Mwanga ukatii, deskitopu zikaanza kuteleza. Hizi programu za bure zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mpigo mimi sizigusi.

Kama kwako draiva ya Intel au AMD ipo tayari, wanaokuambia RAM wana hoja. Kuhama deskitopu hakufungi kitu. Brauza yenye kurasa 30 uliyoiacha kule bado inakula RAM, na kama unatumia HDD (diski ya zamani ya kuzunguka) ndiyo kabisa. Kwa sasa zima animesheni: Windows 10 ni Settings, Ease of Access, Display, Windows 11 ni Accessibility, Visual effects. Mashine haitaongezeka nguvu, ila deskitopu itaruka moja kwa moja bila kuteleza.

Tupia hapa picha ya hiyo Display adapters tuione.