Tumeenda ofisini mara tatu, bado tunabeba ndoo

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mama wa watoto wanne naishi huku juu mlimani Mbeya, viwanja havijapimwa, nyumba zimebanana, bomba limeishia bondeni. Na hii baridi ya mwezi wa sita natoka saa kumi alfajiri kupanga foleni chemchemi, nikichelewa nanunua kwa kijana wa boda, dumu la lita 20 sh 500. Ofisini tumeenda mara tatu, mara ya kwanza tukaambiwa bajeti, ya pili mlima una shida ya presha, ya tatu bosi katoka. Hivi sisi maskini tunaongeaje nao mpaka watusikie?

JIBU: Marahaba mama, pole sana, hiyo baridi ya alfajiri huko juu naijua. Kwanza naomba tupige hesabu kidogo. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yani madumu 50, kwahiyo kwa boda yuniti moja inakutoka sh 25,000! Sasa kaazime bili ya mtu wa bondeni uangalie yeye yuniti analipa shingapi. Hapo ndo utaona kwamba nyie si watu wa kuomba msaada, nyie ni wateja ambao tayari mnalipa, tena mnalipa zaidi, ila hela inaenda kwingine.

Wenzenu wa Mukuru, mitaa ya mabanda kule Nairobi, walifanya hivyohivyo. Walijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakaonyesha kwamba maji na umeme wanalipia ghali kuliko watu wa mitaa ya wenye nazo, na mwaka 2017 kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, yani eneo linalotengenezewa mpango wake lenyewe wa kuliboresha. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini walienda na karatasi yenye namba.

Kwahiyo chukueni daftari, vijana wenu waliomaliza fomu foo wapite kila mlango waandike kaya ngapi, watu wangapi, madumu mangapi kwa siku na hela. Alafu msiende ofisini kwanza, mwambieni mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, hoja ya maji iingie kwenye muhtasari, mtendaji asaini na mhuri agonge. Huo muhtasari ndo unapanda kamati ya maendeleo ya kata, na mwenyekiti wa ile kamati ni diwani, kwahiyo hawezi kusema hajui. Mamlaka ya maji muiandikie barua, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, mkikaa bila majibu mna pa kulalamika, EWURA ndo wasimamizi wao.

Kuhusu presha, hilo ni kweli maji hayapandi mlima yenyewe, ila dawa ipo, pampu na tangi juu. Mwalikeni injinia apande huko kwa miguu na nyie, msiishie kuongelea mezani. Na msing'ang'anie bomba kila nyumba kwa sasa maana viwanja havijapimwa hilo litawachelewesha, anzeni na kioski, yani bomba moja la pamoja la kuuzia maji.

Ila kabla kioski hakijaja kubalianeni nani anashika ufunguo na hela inasomwa lini mbele za watu. Mi ningeshauri kinamama wawili wa foleni ya saa kumi, hao wanajua uchungu wa lile dumu.