Maswali ya Wasomaji: Mnara wa Antena Uani

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi pembezoni mwa mji wa Iringa na nina leseni ya redio ya ridhaa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 20, yaani megahezi 14, niliyoifunga kwenye mikaratusi miwili, kimo cha mita 6 hivi. Nairobi na Lusaka wananipokea vizuri, lakini Ulaya na Japani ni kwa bahati. Fundi wa kuchomelea amekubali kunitengenezea mnara wa pembe tatu wa bomba za GI (chuma kilichofunikwa kwa zinki), urefu wa mita 12, wenye bawaba kitakoni, ili ulale chini kisha vijana 6 wausimamishe kwa kamba. Juu yake nitaweka Yagi, antena ya kuelekeza mawimbi upande mmoja, yenye fito (elementi) 3. Je, kimo hicho kinatosha, na njia hiyo ni salama?
*Msomaji, Iringa*

Jibu: Kimo kinatosha, lakini njia ya kuusimamisha siiafiki.

Kwenye masafa ya megahezi 14 urefu wa wimbi ni kama mita 21, na antena iliyo mita 6 tu juu ya ardhi hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake kwenda juu, kwa pembe ya nyuzi 60 hivi. Ndiyo maana walio nchi jirani wanakupata na walio mbali hawakupati. Ukiipandisha hadi mita 12, pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 26 hivi, na mawimbi hufika mbali zaidi; kwa mita 18 hufika 17. Faida kubwa imo katika hatua ya kwanza. Kwa mtu anayejenga kwa fedha zake mwenyewe, sioni sababu ya kumshauri aendelee hadi 18, kwa kuwa kila mita inayoongezwa hudai chuma zaidi, msingi mkubwa zaidi na ujasiri ambao si lazima.

Sasa tuje kwenye kuusimamisha. Wengi hudhani kwamba kazi ni ngumu zaidi mnara unapokaribia kusimama wima, kumbe kamba hubeba mzigo mkubwa kuliko wote pale kichwa cha mnara kinapoachana tu na ardhi. Tuseme mnara wako una kilo 120, na kileleni kuna mota ya kuzungushia antena pamoja na kipande cha bomba, jumla kilo 20. Ukiweka bawabani nguzo ya kunyanyulia ya mita 4, ikasimama pembe mraba na mnara uliolala, ncha yake ikaunganishwa na mnara kwa waya, na kamba ya kuvuta ikashuka kutoka nchani hapo hadi kwenye nanga iliyo mita 8 kutoka bawabani, kamba hiyo itabeba takriban kilo 270 mwanzoni. Ukiifupisha nguzo iwe ya mita 2 kwa kubana matumizi, mzigo unakaribia kilo 500. Vijana 6 hawawezi kuushikilia mzigo wa namna hiyo kwa mikono endapo mmoja wao atateleza. Tumia winchi ya mkono yenye breki, iliyofungwa kwenye nanga ya zege. Gari lisitumike kuvuta, kwa sababu dereva aliyekaa ndani haoni waya wala hasikii chuma kinapolia.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni mahali pa nanga za pembeni. Mnara wa bawaba unahitaji waya za stei, kama zile zinazoshikilia nguzo za umeme, katika pande nne badala ya tatu, na nanga mbili za pembeni lazima zikae kwenye mstari mmoja na bawaba, na usawa mmoja nayo. Zikiwa hivyo, waya za pembeni hubaki na mkazo uleule tangu mnara ukiwa chini hadi usimame. Katika viwanja vya Iringa vyenye mteremko, nanga moja huwa juu ya nyingine, na hapo waya mmoja hukaza kupita kiasi huku mwenzake ukilegea, mnara ukaanza kujipinda ukiwa nusu ya njia. Pima usawa kwa mpira wa maji kabla ya kumwaga zege. Waya wa nyuma nao uwe umefungwa tayari, ili mnara usipitilize na kuangukia upande wa winchi.

Yagi usiifunge mnara ukiwa umelala. Elementi zake zina urefu wa zaidi ya mita 10, kwa hiyo nusu ya kila moja itagonga ardhi. Simamisha mnara mtupu, kaza stei zote, kisha antena ipandishwe kwa kapi lililofungwa kileleni, na mtu wa chini aiongoze kwa kamba ya pili ili isinase kwenye waya. Anayepanda avae mkanda wa usalama wa mwili mzima wenye kamba mbili za kulabu, ili moja iwe imeshika wakati wote anapohamisha nyingine. Na chini ya mnara pasiwe na mtu.

Msingi wa mita 1 kwa mita 1, kina cha mita 1, hula mifuko 6 na ushee ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Uache siku 28 kabla ya kuupa mzigo kamili. Nanga ziwe mita 7 hadi 10 kutoka kitako. Usipunguze hapo, kwa kuwa upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kwa takriban kilo 56 kwa kila mita ya mraba ya uso bapa, mara nne ya ule wa kilomita 54. Mwisho, mnara usijengwe karibu na nyaya za umeme: mnara wa mita 12 nauwekea angalau mita 18.

Swali: Mnara wangu uko karibu na bahari na una kutu kila mahali palipochomelewa, ingawa bomba ni za GI. Nifanyeje?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Moto wa kuchomelea huunguza zinki iliyofunika bomba, na chumvi ya baharini humalizia. Safisha maungio kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha upake rangi yenye zinki nyingi, tabaka mbili. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na waya wa shaba usiguse moja kwa moja bomba la GI, kwani zinki italika haraka. Bomba zizibwe juu na ziwe na tundu la kutolea maji chini. Kagua pia klipu za stei, yaani vibano vyenye bolti ya umbo la U na kipande cha kukalia waya (tandiko): ziwe tatu kila mwisho, tandiko likae upande wa waya unaobeba mzigo, na U ikae juu ya ncha fupi. Nimeona nyingi mno zilizogeuzwa.

Swali: Jirani anasema mnara wangu utatuletea radi sote. Je, ni kweli? Na je, nahitaji kibali kingine zaidi ya leseni?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Kando ya Ziwa Victoria radi ni nyingi, hivyo hofu yake si ya kupuuzwa. Mnara hauiti radi kutoka mbali, ila kitu kirefu kuliko vyote mahali hapo ndicho mara nyingi hupigwa kwanza, na swali la maana ni njia ambayo umeme huo utapita. Kila mguu wa mnara upewe fimbo yake ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) yenye urefu wa mita 2.4, waya wake ushuke bila kona kali, na fimbo zitengane kwa mara mbili ya urefu wao. Kosa kubwa ni kuacha ethi ya mnara ikiwa peke yake bila kuiunganisha na ethi ya nyumba, kwa maana radi ikipiga, umeme huvuka kutoka moja hadi nyingine kwa kupitia redio iliyo mezani. Kebo ya antena nayo iunganishwe na ethi chini kabisa ya mnara, na tena kabla ya kuingia ndani. Ing'oe kwenye redio kila umalizapo kazi, usisubiri ngurumo.

Leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ni ya kutumia masafa; haimaanishi kwamba umeruhusiwa kujenga. Uliza halmashauri kuhusu kibali cha ujenzi, na ikiwa nyumba yako iko karibu na uwanja wa ndege, peleka kimo na mahali pa mnara kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuchimba shimo.