Video kwa kanisa dogo: fedha ya kwanza iende kwenye sauti

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya uinjilisti katika usharika mmoja mkoani Njombe. Tumechanga shilingi milioni 1.5 ili tuwafikie kwa video wale wasioweza kufika kanisani. Wazee wa kanisa wanataka tununue kamera na kurusha ibada mubashara. Vijana wanasema simu zetu zinatosha. Tulijaribu kurekodi kwa simu: sauti ilivuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na taa zilionekana zikipepesa ilhali kwa macho ziko sawa. Tuanzie wapi?

JIBU: Amina, Katibu. Kwenye suala la kamera nawaunga mkono vijana. Simu inayorekodi kwa 1080p (kipimo cha ubora wa picha; namba ikiwa kubwa, picha ni safi zaidi) inatosha kabisa. Mtazamaji huvumilia picha ya kawaida, lakini sauti asiyoielewa ataizima kabla mchungaji hajamaliza kusoma andiko. Ndiyo maana naomba fedha hiyo muielekeze kwenye sauti.

Bila shaka simu yenu ilikaa huku nyuma, mbali na mimbari. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani mwa mhubiri hupungua kwa takriban desibeli 6, ila mwangwi wa kuta na bati hubaki karibu uleule. Ukiwa mita 10 nyuma, simu inalisikia jengo kuliko inavyomsikia mchungaji, na hakuna programu ya kuhariri itakayosafisha hapo ikasafika. Dawa ni kusogeza maiki.

Njia rahisi ni maiki ndogo isiyo na waya, ile ya kubana kwenye nguo, ambayo kipokezi chake huchomekwa kwenye tundu la chaji la simu. Ibaneni kifuani, kiasi cha shubiri moja chini ya kidevu, mahali ambapo haisuguani na joho. Nendeni dukani na simu yenyewe mkaijaribu palepale, maana matundu hayafanani.

Njia ya pili ni kuchukua sauti kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki na vyombo, na hapa ndipo makanisa mengi hukwama. Sauti inayotoka kwenye mixa ina nguvu kuliko tundu la maiki la simu linavyoweza kubeba. Mkiunganisha waya moja kwa moja, sauti itapasuka. Wekeni katikati kadi ya sauti ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuingiza sauti kwenye simu, yenye tundu la kupokea sauti ya mixa. Halafu msichukue sauti ileile inayokwenda kwenye spika kubwa. Fundi mitambo hupandisha kile tu kisichosikika ukumbini. Ngoma na makofi vinajisikia vyenyewe, hivyo havipiti kwenye mixa. Matokeo yake ni kwaya inayoimba peke yake kwenye video, kana kwamba kanisa halina watu. Tumieni tundu la aux, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mixa, fundi apange humo mchanganyiko wa video pekee, na aongeze maiki moja iliyowaelekea waumini. Mgonjwa aliye kitandani anahitaji kusikia ile “Amina” ya wenzake, si mahubiri tu.

Kuhusu taa: umeme wetu ni wa hezi 50, na baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Tafuteni programu ya kamera inayoruhusu kupanga wenyewe, mweke fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Mchungaji asisimame mbele ya dirisha, uso utakuwa mweusi. Na simu iwekwe hali ya ndege, isije ikapigiwa katikati ya mahubiri.

Sasa mubashara. Wazee wangu nawaheshimu, lakini kwa sasa ningewasihi msubiri. YouTube hairuhusu kurusha mubashara kwa simu mpaka chaneli ifikishe wafuatiliaji 50. Zaidi ya hapo kuna bando: ibada ya saa 2 kwa 720p, kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, inakula zaidi ya GB 2 upande wenu, na anayetazama kwa ubora huohuo anakula kiasi hichohicho. Mama aliyejifungua juzi au mzee asiyeweza tena kutembea atalipia vipi? Mubashara itunzeni kwa siku kama ya kipaimara au mazishi, ndugu wanapokuwa mbali.

Kwa Jumapili za kawaida rekodini ibada nzima, kisha mkate kipande cha dakika 2 chenye wazo moja lililokamilika. Kikihaririwa kwa 480p kinaweza kukaa ndani ya MB 15, na kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kila jumuiya. Mahubiri yote yatumeni kama sauti tu: nusu saa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 7, na maneno yanasikika vizuri. Kipande kifupi husambazwa na waumini wenyewe hadi kwa jirani ambaye hajawahi kuingia kanisani kwenu, na huo ndio uinjilisti mnaoutafuta.

Kamera isigeukie wanaoombewa. Mtu anayelia mbele za Mungu hakuja kurekodiwa, na tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Watoto wa Sunday school wasionyeshwe bila ridhaa ya wazazi. Kwaya nayo ikiimba wimbo wa mtunzi mwingine, ombeni ruhusa yake kwanza. YouTube ina mfumo wa kutambua nyimbo na inaweza kuizuia video.

Mwisho wa kila kipande wekeni namba ya simu, na kamati ipange zamu ya mtu wa kuipokea. Anayepiga saa 4 usiku baada ya kutazama mara nyingi ana jambo zito, kwa hiyo zamu hiyo apewe mwinjilisti au mzee wa kanisa anayejua kusikiliza, si kijana wa mitambo.