VR kwenye hesabu za maumbo: muweke mtoto konani

Walimu wenzangu wa twisheni hapa Mbeya wananiuliza sana kama miwani ya VR (uhalisia pepe, unavaa unaona kama uko ndani ya umbo lenyewe) inasaidia kweli au ni mbwembwe tu, na mimi nawaambia inasaidia, tena sana, ila ujue unataka mtoto aone nini.

Chukua lile swali la piramidi la fomu foo. Kitako ABCD ni mraba wa sm 6, kilele V, kingo za kupanda juu nazo sm 6 kila moja, tafuta pembe kati ya VA na kitako. Darasa karibu zima linakimbilia pembe VAB, linakuletea digrii 60. Jibu ni 45, maana pembe inayotakiwa ni VAC, ile inayofuata ulalo wa mraba. Ubaoni utachora mpaka chaki iishe na bado mtoto anaona mistari tu, ubao ni bapa jamani.

Sasa mvalishe miwani, muweke kwenye kona A ya piramidi inayoonekana humo, mwambie atazame V kule juu halafu ainamishe kichwa taratibu bila kugeuza shingo kushoto wala kulia. Macho yanatua wapi? Kwenye AC, siyo AB! Shingo yake mwenyewe ndo imepima ile pembe. Binti mmoja wa Uyole alipofika hapo akaropoka "kumbe inapita katikati!" akavua akaanza kuchora bila kuambiwa na mtu.

Siyo lazima Meta Quest, ile miwani ya VR ya kampuni ya Meta. Boksi la lenzi mbili la kuweka simu ndani, mtindo wa Google Cardboard ya 2014, linatosha, ila simu iwe na jairoskopu (kihisi kinachojua simu imegeukia wapi), bila hiyo picha haifuati kichwa vizuri. Na boksi linafuata kugeuka kwa kichwa tu, ukipiga hatua picha haisogei na wewe, ndo maana nasisitiza mtoto akae sehemu moja ndani ya umbo. Ukitaka alizunguke kwa nje tumia programu ya GeoGebra 3D, ni ya bure, na kwenye simu inayokubali AR (kamera inaonyesha umbo kama liko mbele yako) piramidi inakaa pale mezani mnaizunguka.

Kabla hajavaa aandike kwanza jibu analodhani. Avae akiwa amekaa kwenye kiti, dakika chache tu, akisikia kizunguzungu avue hapohapo. Asubuhi za mwezi wa saba na baridi letu hili lenzi zinashika ukungu, weka kitambaa karibu.

Akishavua mpe karatasi tupu achore ile piramidi kutoka kichwani kabla haijamtoka, hata kama wenzake wanagombania zamu.