Kreti ya bia kwenye msafara wa Kitulo: ipande gari gani?

Mleta mada anasema kundi lao la magari sita linapanga kupanda Kitulo, ile hifadhi ya huko milimani, kwa kupitia Isyonje, walale huko juu, kesho yake washukie Matamba hadi Chimala. Wamevurugana kwenye grupu la WhatsApp. Nusu wanataka bia ziwepo tangu asubuhi kwa kuwa "kule hakuna trafiki". Nusu wanataka pombe isipande gari lolote. Anauliza nani yuko sahihi.

Mkuu, mimi niko Mbeya, haya makundi natembea nayo miaka mingi, na kwa kuwa gari langu lina winchi, mashine ya waya ya kuvutia magari, huwa napangwa nyuma kabisa, kazi yangu ni kuzoa waliokwama. Pia bia nakunywa, msije mkadhani nimekuja kuhubiri. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, ila hao wa bia tangu asubuhi wamekosea zaidi, kwa hiyo naanza nao.

Hoja ya trafiki ni nyepesi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikutungwa kwa ajili ya lami peke yake, na kile kiwango cha miligramu 80 kwa mililita 100 za damu hakibadiliki ukishaacha lami pale Isyonje. Bima kubwa nayo, someni masharti yake: dereva akikutwa amelewa, usitegemee kulipwa. Ila hata tukiiweka sheria pembeni, bado kuna jambo ambalo watu wa tarmaki hawalielewi. Wanasema huku tunatembea mwendo wa kilomita kumi kwa saa, gari liko 4L, yaani gia nzito ya kutembea polepole matairi yote yakivuta, ajali itatoka wapi? Mwendo mdogo ndio unaotaka akili zaidi. Unachagua tairi la kushoto lipite juu ya jiwe au pembeni yake, unasikiliza injini, unamwangalia anayekuelekeza kwa mikono, unajua sekunde ya kuachia breki. Pombe haianzi na miguu. Inaanza na uwezo wa kupima hatari na kufuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja, na inauchukua mapema, mtu akiwa bado anaongea vizuri na anatembea sawasawa.

Halafu kwenye msafara wa njia mbovu hakuna abiria. Hili naomba mlikazie. Kwenye basi abiria akilewa ni kero tu. Huku yule aliyekaa kiti cha nyuma ndiye atakayeshuka kuelekeza, kuchimba tope, kubeba mawe ya kuweka chini ya tairi, kufunga mkanda wa kuvutia. Kwa hiyo ule msemo wa "dereva asinywe, wengine ruksa" mimi siukubali mchana.

Kuna mwaka tulikuwa mbele ya Kikondo, mwezi wa nne, mvua za mwisho. Hilux imezama upande wa kushoto hadi chesisi imekaa juu ya udongo. Nimefunga waya wa winchi, umekaza, juu yake nimetupia koti zito ili ukikatika usiruke mbali. Watu wote nimewaondoa. Akatokea jamaa mmoja, abiria, chupa mkononi, anatoka ng'ambo ya lile dimbwi kuja kuniambia nivutie kulia. Njia fupi ya kunifikia ilikuwa kuvuka waya. Akainua mguu. Nikaachia kitufe cha rimoti, nikapiga ukelele, naye akasimama hapo hapo, mguu mmoja huku, mwingine kule, waya umemkaa katikati ya mapaja, anacheka anauliza kuna nini. Waya ule ulikuwa umebeba uzito wa gari lililonaswa. Ungekatika au ndoano ingechomoka, sijui tungemwambia nini mkewe. Na jamaa hakuwa amelewa chakari. Alikuwa na mbili, tuseme tatu. Ungemkuta baa pale Soweto ya hapa Mbeya ungesema huyu ndiye mzima wao.

Kushuka Matamba kwenda Chimala nako msikuchukulie poa. Ile barabara inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, na asiyewahi kuishuka asidhani ni utani. Inatakiwa gia ndogo, injini ikushikilie, breki uguse na kuachia. Mtu aliyepata "mbili za chakula cha mchana" pale Matamba anakuwa na raha, anaweka gia kubwa, anakanyaga breki mfululizo kona baada ya kona. Breki zinapata moto, zinaanza kunuka, mafuta yake yakichemka pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Mimi nikiwa gari la nyuma ile harufu huwa naipata kabla ya mwenye gari. Kuna mdau hapo juu kaandika kuwa bia mbili zinamwondolea woga na anaendesha vizuri zaidi. Ndugu yangu, pale Hamsini na Saba woga ndio mafundi wako wa breki, waache wafanye kazi.

Sasa nije kwenye usiku, maana hapa ndipo makundi mengi yenye nidhamu yanapojidanganya. Wanasema mchana hatugusi, tukishapiga kambi tunafungua. Sawa kabisa, hata mimi ndivyo nifanyavyo. Lakini hawaulizi wanafunga saa ngapi.

Pigeni hesabu na mimi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi chenyewe. Mwili wa mtu mzima wa kawaida unaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, tuchukue 8. Mtu ameanza saa moja usiku, hadi saa sita amemaliza sita. Hizo ni gramu 120, zinahitaji saa kumi na tano kuisha, tangu alipofungua ya kwanza. Yaani atakuwa mweupe saa nne asubuhi. Msafara wenu unaondoka saa ngapi? Wengi saa moja. Saa moja hiyo jamaa bado ana zaidi ya bia nzima mwilini, amepata usingizi wa masaa matano ya shida kwenye hema, na ndiye anayeshika usukani kuelekea zile kona. Kifaa cha trafiki kinaweza kabisa kumpitisha. Hicho hakitamsaidia kitu kwenye kona.

Wenye Konyagi hesabu yao ni mbaya zaidi. Ile ni asilimia 35, kichupa cha mililita 200 kina kama gramu 55, karibu bia tatu, na kinaingia kwenye mfuko wa koti. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini mkono wa mtu unajua njia.

Na hakuna dawa ya kuharakisha. Si kahawa, si supu ya kongoro, si kunawa maji ya baridi ya Kitulo, ambayo kwa kweli yanatosha kumfufua maiti. Chakula ulichokula kabla kinachelewesha tu pombe kuingia. Ikishaingia ni saa ndizo zinazoitoa. Kuzimua ndiyo usiseme: mtu anaamka na kichwa, anapiga moja "ya kutoa loku", kumbe ameongeza saa mbili na zaidi juu ya deni la jana. Kwenye msafara ninaoongoza, ukizimua asubuhi unahamia kiti cha nyuma hadi jioni, hata gari likiwa lako. Tumewahi kugombana na mtu kwa hili na akanuna hadi Uyole. Bora anune.

Kuhusu baridi. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600, na Juni na Julai usiku unaweza kuganda kabisa, asubuhi unakuta hema limekakamaa. Watu wanakunywa "kupata joto". Pombe inapanua mishipa ya damu karibu na ngozi, ndiyo maana unahisi moto usoni, na ndivyo joto la ndani linavyokutoka. Mtu akilewa akalala pembeni ya moto nje, moto ukizimika saa nane za usiku yuko hatarini kweli. Mwamsheni, mwingizeni hemani hata kama anatukana. Na jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hiyo ni kwa wote, wanywaji na wasiokunywa, ila mlevi ndiye asiyeamka hewa ikichafuka.

Swali ambalo nalipenda kuwauliza watu jioni kabla kreti haijafunguliwa: usiku huu mtu akiungua na moto, au mwenye pumu akabanwa, nani anaendesha? Kutoka huko juu unatafuta hospitali ya Chimala, au Ikonda kama mko upande wa Makete, au unarudi Rufaa Mbeya, na kila njia ni masaa, giza, ukungu, mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Sisi tunakuwa na madereva wawili wakavu kila usiku, kwa zamu. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa ndiye mgonjwa. Funguo zote za magari zinakaa kwao. Na zamu iwe zamu kweli. Nimeona makundi yanamfanya yule mlokole au Mwislamu wao kuwa dereva wa dharura wa kudumu kwa kuwa "wewe si hunywi", naye halali vizuri safari nzima. Huo si utaratibu, ni kumtumikisha mwenzenu.

Upande wa pili sasa, wanaotaka pombe isiwepo kabisa. Nawaelewa, na kama kundi zima limekubaliana kwa roho safi, hongereni, hiyo ndiyo safari rahisi kuiongoza kuliko zote. Tatizo ni pale marufuku inapowekwa na watatu juu ya kumi. Inazaa chupa ya soda ambayo haina soda. Nikiwa na kreti hadharani najua nani kanywa ngapi na kaacha saa ngapi. Nikiwa na marufuku sijui chochote, nashtukia tu kesho yake gari la tatu linachezacheza mkia kwenye mteremko.

Na marufuku ya jumla huku kwetu inagonga ukuta mwingine, nao ni ukarimu. Mkipita upande wa Makete, Njombe au Iringa wakati wa masika mtakutana na ulanzi, pombe ya mianzi, na upande wa Rungwe kimpumu, pombe nyingine ya kienyeji. Mmeomba kuegesha magari kwenye uwanja wa mzee wa watu, anatoa kikombe. Kiongozi wa msafara apokee kwa mikono miwili, aonje, ashukuru, apitishe kwa wasio na zamu, mzee hataona vibaya mkimweleza kuwa kuna watu wana usukani. Kilichonisumbua mimi ni watu kununua dumu zima la kubeba. Ulanzi hauna lebo. Asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa, lakini unaendelea kuchacha wenyewe ndani ya dumu, na ukilala humo hadi kesho yake unakuwa mkangafu, yaani mkali. Hakuna anayeweza kukuambia una asilimia ngapi, kwa hiyo ile hesabu yangu ya gramu inakufa hapo hapo. Tuliwahi kubebewa dumu la lita ishirini kwenye Prado ya mwenzetu, kifuniko kimekazwa, njia inatikisa. Ilipofika jua kali ukaanza kusikia sssss nyuma ya siti, halafu kishindo. Zulia, mahema, begi la kamera, vyote vilinuka mianzi iliyochacha mwezi mzima, na shemeji yetu alikataa kupanda lile gari.

Mambo madogo madogo. Chupa tupu zirudi zote, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanakwenda kuangalia maua, hawaendi kukanyaga vigae. Humo ndani mnapita barabara zilizoruhusiwa tu na hamtembei usiku, kwa hiyo wazo la "tuzunguke kidogo baada ya mbili tatu" lifutwe kabla halijazaliwa. Na asiyekunywa aachwe. Hii tabia ya kumuuliza mtu "vipi, uko kwenye dozi?" mbele ya watu imewafanya wengine wanywe bila kupenda, kisha kesho yake ndio wenye hali mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo mleta mada, kaeni na wenzako kabla ya safari, siyo pale Isyonje magari yakiwa yanaunguruma. Mchango wa bia uwe kapu lake, tofauti na mafuta, chakula na viingilio, maana nusu ya ugomvi wenu nahisi ni hela na siyo pombe. Mkubaliane saa ya kufungua na saa ya kufunga. Mkiondoka saa moja asubuhi, kwa hesabu ile, dereva wa kesho aishie bia tatu, mwisho saa tatu usiku, awe amekula.

Na kreti ipande gari la kiongozi, ndani kabisa, chini ya mahema ya kundi zima. Hakuna atakayeifikia hadi mahema yameshushwa, na yakishashushwa waambie wayasimamishe kwanza. Hao wa bia tangu asubuhi wakikataa, basi waende zao Matema siku hizo hizo. Kuna ufukwe, kuna samaki wa Nyasa wa kuchoma, kuna vyumba vya kulala, waegeshe magari wanywe hadi Jumapili. Nyie wengine pandeni na magari manne, yanatosha.