Karani Aliyejua Tangu Jana Jioni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili liliuliza hivi: "Je, kupandishwa cheo ghafla, mbele ya wenzako, ndiyo heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupata mtu kazini?" Nilitaka kulipita, kwa kuwa mimi ni mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na sina tena cheo ninachokingojea. Lakini yale maneno matatu, "mbele ya wenzako", yameninyima usingizi siku mbili. Mimi sikuwa mpandishaji wala mpandishwaji. Nilikuwa karani wa kikosi, mpiga chapa wa amri, na kwa miaka mingi nimezitazama sura za hao wenzake kuliko nilivyoitazama sura ya anayevishwa. Kwa hiyo mniwie radhi nikijibu kwa niaba ya waliobaki kwenye mstari.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: cheo cha kushtukiza hakifai jeshini. Askari hulala na kuamka na ngazi. Anajua nani yuko juu yake na nani yuko chini yake, anajua ni kozi gani hajasoma, na anajua ikama ya kombania yake ina nafasi ngapi za Sajenti na ngapi zimejaa. Ukimpandisha mtu asubuhi moja bila mwenziwe kujua sababu, umewafundisha watu mia moja kwamba ngazi ile wanayoihesabu kila usiku si ngazi bali ni bahati nasibu.

Nchi hii inalijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi askari Mwafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki) hakuruhusiwa kuwa afisa, hata awe hodari namna gani. Jenerali David Musuguri, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, aliingia KAR mwaka 1942 na akamaliza utumishi wake mwaka 1988 akiwa Mkuu wa Majeshi. Lakini sehemu kubwa ya ujana wake aliitumikia chini ya dari ambalo Mwingereza alikuwa ameliweka juu ya kichwa cha kila askari mweusi. Uhuru ulipokuja na maafisa wakabaki walewale, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, wakidai mishahara na wakidai Waafrika wapewe uafisa. Mwalimu Nyerere alilazimika kuyaomba majeshi ya Uingereza yaje kuzima maasi yale, jambo lililomuuma sana. Jeshi lile lililoasi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa hili tulilonalo, likiongozwa na Mrisho Sarakikya, afisa kijana aliyesoma Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi huko Uingereza, ambaye alipandishwa kwa kasi ambayo katika nyakati za kawaida isingewezekana kabisa. Nakiri kwamba mfano huo haunisaidii sana, kwa sababu Sarakikya aliliongoza jeshi vizuri kwa miaka kumi.

Mfano unaonisaidia uko ng'ambo ya mto Kagera. Idi Amin naye alitoka KAR, na mwaka 1975 akajivika cheo cha Fildi Mashali. Miaka mitatu baadaye jeshi lake lilivuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wetu na wenzao wa Uganda waliompinga Amin. Cheo alichojipa hakikumzuilia hata daraja moja.

(Vijana wa mtaani kwangu waliniuliza mwaka 2022, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipompandisha Meja Jenerali Jacob Mkunda kuwa Jenerali na kumteua Mkuu wa Majeshi, kama inaruhusiwa kukivuka cheo cha Luteni Jenerali. Niliwajibu kwamba Amiri Jeshi Mkuu anayo mamlaka hayo, na kwamba huko juu mambo yana hesabu zake. Mimi nazungumzia huku chini, kwenye V mbili za Koplo na V tatu za Sajenti, ambako ndiko waliko askari walio wengi.)

Sasa niwaeleze kilichoninyima usingizi. Mwaka 1987 nilikuwa karani katika kikosi kimoja cha kanda ya ziwa ambacho sitakitaja. Chumbani tulilala watatu: mimi, Koplo mmoja aliyekuwa mtunza ghala la risasi, na Koplo mwingine aliyemzidi huyo kwa miaka minne katika cheo. Huyu wa tatu aliingia Vita vya Kagera, vile vya kumng'oa Amin, akiwa mgambo, akabakizwa jeshini vita vilipokwisha, na kila mwaka jina lake nililipiga chapa mimi mwenyewe kwenye orodha ya wanaopendekezwa kuwa Sajenti. Kila mwaka orodha ilirudi bila jina lake, na kila mwaka aliniuliza kwa macho tu, nami nikamjibu kwa macho.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeanza wakati mtunza ghala alipogundua kwamba kitabu kinaonyesha kasha moja la risasi zaidi ya yaliyomo ghalani. Shehena ile aliipokea yeye na saini ilikuwa yake. Aliyepata kufanya kazi jeshini anajua uzito wa jambo hilo: hapo hakuna mchezo, kuna mahabusu na kuna mahakama ya kijeshi. Ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki mbili, na wapo waliomnong'oneza kwamba kalamu na ukurasa mpya vingetosha. Hakukubali. Kwa usiku tatu mfululizo, baada ya zamu, alihesabu kasha kwa kasha, namba kwa namba, na yule Koplo mkubwa alikwenda naye kila usiku kumshikia tochi, kwa sababu ndani ya ghala lile huwezi kuingia na taa ya moto. Walirudi chumbani saa nane za usiku wakinuka mafuta ya kulainishia bunduki. Usiku wa tatu yule mkubwa alikuwa akiugeuza mkono wake wa kulia huku na huku, umekufa ganzi kwa kuinua tochi.

Asubuhi ya nne mtunza ghala alivaa sare safi, akaenda kwa mkuu wa kikosi, akajishtaki mwenyewe. Mkuu alimsikiliza, akamwamuru aendelee na kazi, akanyamaza. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye hati ya kupokelea, ambako kasha moja liliandikwa mara mbili. Risasi haikupotea hata moja. Lakini hilo mkuu hakumwambia mtu. Kwa siku kumi na mbili yule Koplo aliishi kama mtu anayengoja kufungwa. Alimwandikia mkewe barua mbili, nami nikazipeleka posta.

Jioni ya siku ya kumi na mbili mkuu aliniita, akanipa karatasi yenye mwandiko wake, akaniamuru niichape na nisiitamke. Ilikuwa amri ya kumpandisha mtunza ghala kuwa Sajenti. Aliniagiza pia nichukue stoo tepe moja yenye V tatu. Nilirudi chumbani nikawakuta wote wawili wamelala macho wazi. Nikavua buti zangu, nikalala, nikanyamaza.

Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, jina lake liliitwa. Alitoka mstarini kwa hatua zilizonyooka, lakini mimi nilikuwa pembeni na majalada yangu na niliona jinsi koo lake lilivyokuwa likipanda na kushuka. Mkuu wa kikosi alisoma mashtaka yote kama mashtaka, kasha lililopungua, saini, tarehe, akapumua, kisha akasema: "Askari huyu alijua kwamba ukweli utamfunga, akauleta mwenyewe." Ndipo alipotoa tepe mfukoni. Hakukuwa na muda wa kushona, kwa hiyo Sajini Meja aliifunga juu ya ile V mbili kwa pini ya nepi, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka, pini ikapita kwenye kitambaa na kwenye ngozi pia. Doa dogo la damu lilijitokeza kwenye mkono wa shati. Yule Sajenti mpya hakutikisika, hakukunja uso, na sidhani kama aliisikia. Gwaride zima lilipiga makofi, jambo ambalo kwenye kikosi kile sikuwa nimeliona kabla, wala sikuliona tena baadaye.

Naye mshika tochi alipiga makofi, na alikuwa wa kwanza kumpa mkono gwaride lilipovunjwa. Jioni alikaa kitandani akisugua buti zilizokuwa zimekwisha kung'aa. Aliniuliza bila kuinua kichwa: "Karani, ulijua?" Nikasema nilijua. "Tangu lini?" Nikasema tangu jana jioni. Akaendelea kusugua, kisha akasema: "Ungekohoa tu, ndugu yangu. Ningejipanga uso."

Maneno hayo nimeyabeba tangu mwaka huo. Hakulalamikia cheo, wala hakusema kwamba yeye ndiye aliyestahili. Alichoomba ni usiku mmoja wa kujiandaa, ili furaha yake kwa rafiki yake isikutane na uchungu wake mwenyewe hadharani, chini ya macho ya kombania nzima. Miezi kumi na minne baadaye naye alipata V tatu, kwa bahasha ya kawaida iliyokuja na mfuko wa posta. Alitia saini kwenye kitabu changu, akarudi kazini.

Hapa ndipo nilipokusudia kuhitimisha barua hii, na hukumu yangu ilikuwa tayari. Lakini kuandika kuna tabia ya kumlazimisha mtu aseme na yale aliyokuwa ameyaacha, na kuna jambo nililiacha.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wastaafu wote wawili, mimi na yule mshika tochi tulikutana Kaboya kule Muleba, walikolazwa mashujaa wa Vita vya Kagera, siku ya tarehe 25 Julai. Yeye alikuja kuwasalimia aliovuka nao mto. Tulikaa kivulini nikamwomba radhi kwa lile la kutokohoa. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha akanieleza kwamba wiki moja baada ya gwaride lile mkuu wa kikosi alimwita ofisini, akafunga mlango, akamtilia chai kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia: "Nilipita ghalani usiku wa pili. Nilikuona umeshika tochi, na nafasi ilikuwa moja." Hayo tu. Aliniambia kwamba maneno yale, ambayo hayakusikiwa na mtu mwingine yeyote, yalimtosha kuliko ile bahasha, na kwamba cheo alikitaka kwa ajili ya watoto, lakini kuonekana alikutaka kwa ajili yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikipiga chapa, wakati chai ile inanywewa. Niliisikia birika ikigonga kikombe na nikadhani ni ukaguzi wa kawaida. Kwa miaka yote hiyo nimemwonea uchungu mtu ambaye kidonda chake kilikuwa kimefungwa baada ya siku saba, na nikajenga juu ya uchungu huo msimamo niliouweka mezani hapo juu.

Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba cheo cha kushtukiza hakifai. Gwaride lile lilifaa. Watu mia moja walijifunza, kwa macho yao, kwamba kwenye kikosi kile ukweli haukupeleki mahabusu, na nina hakika kwamba vitabu vya stoo viliandikwa kwa uaminifu zaidi tangu siku ile, kwa sababu vilipita mikononi mwangu. Barua ndani ya bahasha isingeweza kufanya hivyo. Lakini lilifaa kwa sababu mkuu alitaja sababu kwa sauti, na kwa sababu alimkumbuka wa pili; angeacha mojawapo, lingekuwa sumu. Tena siku kumi na mbili za kumwacha mtu akingoja kufungwa, ili furaha iwe kubwa zaidi, zilikuwa nyingi mno, na mke aliyezisoma zile barua mbili hakupigiwa makofi na mtu.

Wala msinielewe kwamba chai inatosha. Kiinua mgongo na pensheni havihesabiwi kwa maneno ya ofisini, hata yawe matamu kiasi gani; vinahesabiwa kwa mshahara, na mshahara unafuata cheo. Miezi kumi na minne ya tofauti ile alikwenda nayo nyumbani. Wakuu wanaopenda kuwashtua askari wao kwa furaha wanapaswa kuukumbuka mfuko wa yule aliyesimama kushoto kwa aliyeitwa, na kumtafutia nafasi inayofuata kabla ya nyingine zote.

Na kama leo ningeitwa tena jioni, nikapewa karatasi yenye mwandiko wa mkuu na agizo la kutoitamka, ningeichapa bila kosa, ningechukua tepe stoo pamoja na sindano na uzi, na nikifika chumbani ningekohoa. Najua kwamba huko ni kuvunja siri ya ofisi, na afande aliyenifundisha ukarani asingenisamehe. Nimelipima hilo kwa siku mbili hizi, na bado ningekohoa.

Msomaji wenu, mstaafu,
Musoma