Kabla ya Kuniomba Mwongozo, Nioneshe Daftari Lako

Kuna ujumbe wa msomaji umenifikia wiki hii. Amemaliza gemu nne za mafumbo mfululizo, zote kwa kufuata video za maelekezo, na amefungua ya tano akajikuta hajui hata pa kuanzia. Anataka nimtajie iliyo nyepesi kidogo. Ndugu yangu, shida si uzito wa gemu. Umekaa ukimtazama mwenzako akila, sasa unashangaa mbona una njaa.

Tafuta daftari la karatasi, na ukipata la miraba ni bora zaidi, maana ramani na paneli, yaani vibao vya mafumbo, huchorwa vizuri humo. Picha za skrini zinasaidia lakini hazitoshi. Picha unaipiga bila kuangalia; ukichora, jicho linalazimika kupita kila mstari. Ukurasa mmoja uwe wa alama ambazo bado hujui kazi yake, mwingine wa milango na mashine zilizokugomea, mwingine wa sauti. Watu hudharau huo wa sauti. Katika gemu ya Myst ya 1993 kuna mahandaki unayopita ndani ya chombo kinacholia kila kinaposimama, na mlio ndio unaokuambia uelekee wapi. Maana ya milio hiyo inafundishwa mahali pengine kabisa, kwenye ngome inayozunguka, ambako kila upande wa dira una mlio wake. Upande ulio kati ya pande mbili, kwa mfano kaskazini-mashariki, unatoa milio miwili pamoja. Aliyeandika anapita moja kwa moja. Ambaye hakuandika anabahatisha kila kona, kisha anaitukana gemu.

Riven ya 1997 inakufundisha kuhesabu upya. Ndani ya darasa kuna kitu cha kuchezea: ukikizungusha kinaonesha alama moja, halafu kisanamu kinachoning'inia kinashuka hatua kadhaa kuelekea kinywa cha mnyama wa baharini. Hesabu hatua, chora alama. Ukifika tano, tulia uangalie vizuri. Ni alama ya moja iliyogeuzwa robo mzunguko. Sita ni tano na moja zilizowekwa ndani ya kisanduku kimoja. Kumi ni mbili iliyogeuzwa. Ukishaliona hilo huna haja ya kukariri, kwa sababu hata namba ambazo hukuoneshwa utazitengeneza mwenyewe.

Jambo la pili ni kuyajua mafumbo kwa koo zake. Watengenezaji huazima yaleyale ya zamani na kuyavisha nguo mpya. Ukiona vijiti vitatu na visahani vinavyopungua ukubwa, vya kuhamishia kijiti kingine kimoja kimoja bila kikubwa kukaa juu ya kidogo, huo ni Mnara wa Hanoi hata kama wameuita mtambo wa umeme. Visahani 3 huchukua hatua 7, vinne 15, vitano 31. Idadi ikiwa witiri, kidogo kabisa kianze kwenda kwenye kijiti unachokilenga. Ikiwa shufwa, kianze kwenye kile kingine. Kuanzia hapo, kila baada ya hatua moja ni zamu ya kidogo, kwa mwelekeo uleule, na katikati inabaki hatua moja tu inayoruhusiwa.

Mafumbo ya taa, yale ya kuzima taa zote za ubao, ndiyo yanayowatoa watu machozi bure. Ukibonyeza moja, yenyewe na jirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia hubadilika. Kubonyeza mara mbili ni sawa na kutobonyeza, na hakuna cha kutangulia wala kufuata. Basi shuka mstari kwa mstari: taa yoyote inayowaka juu, bonyeza ile iliyo chini yake moja kwa moja. Mstari wa mwisho ukibaki na taa zinazowaka, rudi juu, bonyeza mseto mwingine katika mstari wa kwanza, ushuke tena. Kwenye ubao wa 5 kwa 5 mstari wa kwanza una namna 32 tu za kubonyezwa. Wa 3 kwa 3 una 8. Andika ulizokwisha kujaribu. Nitajivuna kidogo: fumbo la aina hii halinilazi macho tena.

Vigae vya kusogeza, vile unavyovipanga kwa kutumia nafasi moja iliyo wazi, navyo vina mtego mmoja, pale mwisho wa mstari, tuseme wa vigae vinne. Unaweka cha tatu mahali pake, halafu cha nne hakiingii mpaka uvuruge. Kipeleke cha tatu kwenye kona, yaani kwenye nafasi ya cha nne. Cha nne kikae chini yake. Uwazi uwe kushoto kwa kona. Sogeza cha tatu kushoto, pandisha cha nne. Kwisha.

Na kufuli? Piga hesabu kabla ya kuhangaika. Swichi nne za juu na chini zina hali 16, zijaribu zote. Tarakimu tatu ni michanganyiko 1,000, kwa hiyo dokezo lipo mahali na wewe umelipita.

Sikatazi miongozo. Ninachokataa ni kuifungua bila swali. Andika kwanza kinachokukwamisha kwa sentensi moja; mara nyingi ukimaliza kuiandika unaona pengo mwenyewe. Bado? Tafuta vidokezo vinavyofunguka kimoja kimoja, soma cha kwanza, funga, rudi kwenye gemu. Anayetazama video nzima kwa ajili ya mlango mmoja amejiibia milango kumi iliyo mbele. Isipokuwa fumbo lenyewe liwe bovu, kama lile la Gabriel Knight 3 ya 1999, ambapo unatengeneza masharubu ya manyoya ya paka ili ujifanye mtu ambaye hana masharubu. Hapo tazama jibu bila aibu. Na kwenye gemu za kampuni ya Sierra za miaka ya 1980, sevu kwa majina tofauti kila mara, kwani ukisahau kuokota kitu mapema unaweza kugonga ukuta saa nyingi baadaye bila njia ya kurudi.

Anayeanza aanze na Portal ya 2007, fupi na yenye mwalimu mzuri. Kisha The Witness ya 2016: ina paneli zaidi ya 500, na paneli ikikukatalia kabisa, ondoka, kanuni yake inafundishwa kona nyingine ya kisiwa. Return of the Obra Dinn ya 2018 iwe ya baadaye. Ina watu 60 wa kutambuliwa, na majibu unayoyajaza kwenye kitabu cha gemu huthibitishwa matatu matatu ili usibahatishe ovyo. Jaza wawili unaowajua kwa hakika, halafu yule unayemshuku mweke awe wa tatu, ubadilishe jina lake peke yake mpaka kitabu kikubali.